Mtu akikusema una ngoma: namna ya kujibu, na wakati wa kunyamaza

Pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, mitumbwi inapotia nanga, habari ya mtu hufika kabla ya mtumbwi wake. Naanika na kuuza dagaa hapo, na siku mbili za wiki nakaa kliniki kama WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashika mkono wenzake wanaoanza dawa. Mwenyewe nameza tangu 2012. Miaka yote hiyo, swali ninaloulizwa zaidi na wageni wa dawa halihusu vidonge. Wanauliza: "Dada, wakinisema nitasemaje?"

Hapa nimeandika ninavyowajibu. Si kila neno litakufaa. Anayeishi kwa wakwe Ujiji hawezi kujibu kama aliyepanga chumba chake Mwanga.

Kuna jambo la huku kwetu ulijue mapema. Utafiti wa taifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi Kigoma ni asilimia 1.7 ya watu wazima, wakati Njombe ni asilimia 12.7. Ni heri, ila ina adha yake. Watu wa huku wameuzoea ugonjwa huu kama kitu cha wageni: cha madereva wa malori, cha waliotoka kambi za wakimbizi, cha aliyekwenda kutafuta maisha mbali akarudi amekonda. Ukijulikana unaonekana uko peke yako mtaa mzima, na kidole kinakuelekea wewe tu. Kwa hiyo usishangae ukisikia maneno ambayo redio iliyakanusha miaka ishirini iliyopita. Hapa bado ni mapya.

1. Jua kwanza kama anajua au anakisia

Wengi wanakisia. Wamekuona umepungua, au umekaa benchi fulani hospitali, basi. Mtu anayekisia anatafuta uso wako ubadilike. Ukifoka, umemjibu. Ukiapa kwa jina la mama yako, umemjibu pia.

Kabla maneno hayajakufikia, amua nani utamwambia mwenyewe. Kliniki wanajua. Mwenza wako naye anatakiwa ajue. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakutaka umwambie, na kama unaogopa kupigwa au kufukuzwa, usimwambie chumbani usiku mkiwa wawili. Mwombe mshauri wa kliniki, mje pamoja, azungumze yeye. Hao wengine wote, mama mkwe, mwenye nyumba, shoga yako wa damu, ni hiari yako. Huna deni kwao.

Kisha ushike hili, ndilo linalonisaidia kuliko yote: jibu jambo, usijibu habari zako. Mtu akisema mbele yako, "Wale hatuwezi kula nao," unaweza kusema, "Hilo la kula si kweli, kuleni tu," ukaendelea kupepeta dagaa wako. Akikurukia, "Kwani wewe umejuaje?" mwambie, "Niliuliza." Hujakana, hujakiri.

2. Mtazame anayesema

Huwa nawagawa watatu. Wa kwanza hajui. Utamtambua kwa sababu akiuliza anasubiri jibu, tena mara nyingi anauliza kwa sauti ya chini. Huyo mjibu vizuri, mpe muda, hata kama swali lake linauma. Kesho huyo ndiye atakayekujibia usipokuwepo.

Wa pili ni mwenye fitina. Anasema ili wengine wasikie. Hakuulizi wewe, anawauliza waliokaa pembeni: "Jamani, huyu hamuoni alivyokanyaga miwaya?" Ukimpa somo la afya, umempa jukwaa. Kwa huyo kimya kinatosha, au neno moja la kumfungia: "Umemaliza? Haya, gunia ni lako au ni la nani?" Mimi hurudisha mazungumzo kwenye biashara. Watu wa mwaloni wana haraka, jua likichomoza kila mtu anataka bei.

Wa tatu anadhulumu. Amekunyima kazi, amekutoa chumbani, ametangaza majibu yako. Huyo hajibiwi kwa mdomo hata kidogo. Nitamrudia chini.

Ugumu ni kwamba mtu mmoja huweza kuwa wote watatu kwa wiki moja. Shangazi yangu alikuwa hivyo.

3. Majibu ya kuwa nayo mkononi

*Vyombo.* Nianze na huyo shangazi. Mwaka wangu wa kwanza alichukua rangi ya kucha, nyekundu, akatia nukta chini ya sahani yangu na kikombe changu. Hakusema kitu. Niligundua nikiosha vyombo: sahani kumi na mbili za bati, moja ina nukta. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikachukua chupa ileile nikatia nukta sahani zote, vikombe vyote, hadi sufuria ya ugali. Jioni shangazi anapakua, akageuza sahani, akageuza nyingine, akaniangalia. Aliyeanza kucheka ni yeye. Ndipo akauliza lile lililokuwa linamsumbua siku zote: "Kwani mate hayana?"

Nikamwambia mate hayaambukizi, wala jasho, wala machozi. Vinavyoambukiza ni damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Sahani haina njia ya kupitisha hivyo. Mzaha wa rangi sikushauri kwa kila shangazi, wangu namjua. Ila swali la mate, ukiulizwa, lijibu hivyohivyo, kwa kutaja vitu kwa majina yake. Ukisema "haiambukizwi kirahisi" umemwachia mtu mlango wa kuogopea.

*Chakula na biashara.* Kuna mteja aliniambia hawezi kununua dagaa nilioanika kwa mikono yangu. Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilijitetea kwamba jua linaua virusi. Lilikuwa jibu baya, kwa kuwa maana yake siku ya mvua dagaa wangu wana hatari! Jibu la kweli ni fupi zaidi: VVU havipiti kwenye chakula, kibichi wala kilichokauka.

*Mbu.* Kwetu malaria ni ya kila nyumba, na hili linaulizwa na watu wazima wenye akili zao. Mbu akinyonya damu, virusi vinasagwa tumboni mwake. Havizaliani mle kama vijidudu vya malaria, na anapouma mtu mwingine anatema mate yake, harudishi damu aliyonyonya. Mimi huongeza hivi: kama mbu wangekuwa wanaambukiza, watoto wetu wa miaka mitano wote wangekuwa na VVU.

*"Virusi vimefubaa, maana yake amepona."* Hapa pana makosa mawili yanayokwenda pande mbili, kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Kosa la kwanza ni la wasioamini. Ukiwaambia kwamba mtu anayemeza dawa vizuri, na kipimo cha wingi wa virusi hakivioni, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana, wanadhani unajipendelea. Wape habari yenyewe. Utafiti wa wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, uliofanyika nchi tisa zikiwemo Malawi, Kenya na Zimbabwe, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi kwa asilimia 96. Tafiti za Ulaya zilizofuata, zilizotolewa 2016 na 2019, hazikukuta hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake ambaye virusi vyake vimefubazwa. Sifuri. Lakini sema na upande wa pili: dawa hizo hazizuii kaswende wala kisonono, na kwenye kunyonyesha hatari inashuka sana ila hatuiti sifuri.

Kosa la pili ni letu wenyewe. Mtu anapewa majibu ya kipimo cha wingi wa virusi, anaambiwa havionekani, anarudi nyumbani anaweka chupa kabatini: "Nimepona." Virusi vimejificha, havijatoka. Ukiacha dawa vinarudi, mara nyingi ndani ya wiki chache tu, na vinaweza kurudi vikiwa sugu. Kipimo cha kidole kitaendelea kusoma kwamba unavyo, kwa sababu chenyewe kinatafuta kinga mwili ulizotengeneza, hakihesabu virusi. Nimeona ndugu wakigombana nje ya maabara, mmoja kashika karatasi ya "havionekani", mwingine anashikilia kidole kilichosoma "chanya", na kila mmoja anamwita mwenzake mwongo. Wote walikuwa sahihi.

*"Mama mwenye VVU anazaa mtoto mwenye VVU."* Bila dawa, kati ya watoto 100 huambukizwa 15 hadi 45. Mama akimeza dawa zake na mtoto akapewa zake, wanashuka chini ya 5. Mwambie bibi wa mtoto jambo jingine pia, maana ndiye huleta kasheshe: kipimo cha kawaida kwa mtoto wa chini ya miezi 18 kinaweza kusoma kinga za mama, mtoto mwenyewe hana kitu. Ndiyo maana wanamchukua damu ya kisigino wakaipeleka maabara kubwa. Asimpime mjukuu dukani kwa siri.

*Uvumi wenye mzizi wa kweli.* Huu ndio mgumu kuliko wote, na hapa nawaona washauri wengi wanakosea kwa kukataa kila kitu. Mzee mmoja aliniambia dawa hizi zinaleta majini usiku. Ningemcheka ningempoteza. Dawa ya zamani, efavirenzi, ilikuwa inaleta ndoto za ajabu, mtu anaamka amelowa jasho. Mwingine anakumbuka watu walionyauka mashavu na miguu huku tumbo limetoka. Hiyo ilikuwa stavudini, iliyoondolewa baada ya Shirika la Afya Duniani kusema nchi ziiache. Kwa hiyo sema: "Kweli, ilikuwa hivyo. Dawa ya sasa ni nyingine." Wengi wetu sasa tunameza kidonge kimoja kwa siku, chenye dolutegraviri ndani yake. Kinaweza kukuongezea uzito. Sikufichi, gauni langu la Idi halinifungi tena. Na ukitumia dawa za kiungulia au vidonge vya madini ya chuma, waambie kliniki, kuna masaa ya kuvipishanisha.

*Mganga na kikombe.* Wanaokumbuka 2011 wanakumbuka foleni ya Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa ya mizizi shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Watu walitoka nchi nzima, na walikuwepo walioacha dawa zao. Jirani yangu wa zamani alikwenda, akarudi ana furaha, akazitupa chooni. Sitaeleza miezi minane iliyofuata. Ukimkuta mtu anakwenda kwa mganga, usianze na kumtukania mganga, atakuficha. Mwombe jambo moja tu: asiache kidonge. Na mizizi atakayopewa aitaje kliniki, kwa sababu kuna inayogongana na dawa.

*Dua.* Ujiji watu wanakunywa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, na makanisani wanawekewa mikono. Mimi Mwislamu, kombe nimekunywa na kidonge nikameza usiku uleule saa tatu, havikugombana. Kiongozi wa dini akitangaza kwamba aliyeombewa aache dawa, usisimame katikati ya ibada kumbishia. Mfuate baadaye nyumbani, pamoja na mzee anayemheshimu, mumwombe awaambie watu wameze huku wakiomba. Nimeona shehe mmoja na mchungaji mmoja wakikubali kwa njia hiyo, na watu wanawasikiliza wao kuliko wanavyonisikiliza mimi.

*"Dawa zimekatwa."* Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huku kwetu zilisambaa sauti za simu kwamba ARV zimeisha nchini. Nilipokea watu walioanza kumeza siku moja, wanaruka siku moja, ili "zitoshe". Hilo ni baya kuliko uvumi wenyewe, maana dozi nusunusu ndiyo inayofundisha virusi usugu. Ukisikia habari ya namna hiyo, meza kama kawaida na uulize kituoni kwako, au piga 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya.

4. Punguza pa kushikwa

Chupa inalia. Vidonge thelathini ndani ya mkoba kwenye bajaji vinacheza kayamba, na kuna watu wanaujua mlio huo. Weka pamba safi kavu juu ya vidonge hadi mfuniko, kimya. Usivihamishie kwenye karatasi au mfuko wa nailoni, unyevu utavila. Na kama hali yako imetulia, omba upewe dawa za miezi mitatu au sita. Utaonekana kliniki mara chache, na mvuvi anayefuata samaki hadi Uvinza hatalazimika kurudi katikati ya giza.

(Kwa msomaji asiye wa ziwani: giza ni zile siku ambazo mwezi hauwaki, taa zinavuta dagaa, pesa inapatikana. Mwezi ukiwaka tunakaa nchi kavu, na huo ndio wakati wa umbea.)

5. Aliyekudhulumu

Usimjibu. Andika. Tarehe, saa, maneno yake kama alivyoyasema, waliokuwepo. Hata nyuma ya daftari la mikopo ya dagaa panatosha. Ujumbe wa simu usiufute.

Kisha inategemea ni nani. Sheria ya 2008 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya VVU, na inamtaka anayehudumia wagonjwa atunze siri. Kutoa majibu yako bila ridhaa yako ni kosa. Kazini, sheria ya ajira ya 2004 inataja VVU wazi kati ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kubagua kwayo. Ukifukuzwa una siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 ni chache, usizimalize ukilia. Kabla ya ndoa, shehe au mchungaji anaweza kukushauri mpime; cheti cha lazima hana mamlaka nacho.

Kwa mwenye nyumba au jirani, anza kwa mwenyekiti wa mtaa kama unamwamini. Humwamini? Nenda ustawi wa jamii halmashauri, au kwa msaidizi wa kisheria, hawalipishi. Umepigwa, nenda dawati la jinsia polisi. Na usiende peke yako. Konga, yaani umoja wetu wa WAVIU wa wilaya, upo kwa kazi hiyo. Mtu wa kukaa kando yako kwenye benchi anabadilisha namna unavyosikilizwa.

Kituo kimoja, sikitaji, muuguzi alikuwa anaita kwa sauti: "Wa CTC mstari wa huku!" CTC ndiyo kliniki yetu ya VVU, na barabara nzima inasikia. Nilitaka kugombana naye. Mwenzangu akanizuia, tukaenda watatu kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, tukamweleza bila kumtaja muuguzi kwa ubaya, tukapendekeza namba. Wiki mbili baadaye tukaanza kuitwa kwa namba. Yule muuguzi hadi leo tunasalimiana.

6. Maneno ya ndani

Kuna unyanyapaa usiotoka kwa mtu yeyote. Mgeni amelala kwako, unaruka dozi ili asione. Umealikwa harusi, unajiona huna haki ya kucheza. Mume mzuri anakuposa, unamkataa bila kumwambia sababu. Hili sina jibu lake la mistari miwili. Ninachofanya kliniki ni kumkalisha mgeni karibu na mtu aliyemeza miaka kumi na tano, bila hotuba, waongelee bei ya mawese. Wakimaliza, mara nyingi yule mgeni ananiuliza, "Na yule naye?"

Ukiwa umejibu vibaya, umefoka mwaloni au umekana mbele ya mtoto, si mwisho wa dunia. Unaweza kumrudia mtu kesho yake: "Jana nilikasirika. Ulichouliza nitakujibu."

7. Mtoto akiuliza

Watoto wanaona chupa. Wa miaka minne au mitano anatosheka na "dawa ya mama". Kuanzia umri wa shule mweleze kidogokidogo: kuna mdudu ndani ya damu, dawa inamlaza. Jina la ugonjwa unaweza kulileta baadaye, kadiri anavyoweza kutunza neno la nyumbani. Mtoto anayemeza dawa zake mwenyewe ndiye usimcheleweshe, asije akalisikia kwa watoto wenzake uwanjani. Kliniki watakusaidia kumwambia hatua kwa hatua. Mshauri akikwambia umri wa mtoto wako umefika, usimpige chenga.

Wangu alikuwa na miaka tisa aliponiuliza: "Mbona unameza kila siku na wewe huumwi?" Nikamwambia, "Ndiyo maana siumwi." Akafikiri kidogo, akachukua mpira wake akatoka. Maswali mengine yalikuja mwaka uliofuata, na lile kubwa alilileta akiwa darasa la sita, usiku, umeme umekatika.